Mizani Mpya ya Pumzi

Mapafu-bandia ya hospitali ya Mji-Wingu yalipumua kwa pamoja, wodi nzima, bila mkono wa mtu kugusa kitufe. Yote yalikodolea macho faili moja liitwalo Mizani, lililosema kila mgonjwa apewe hewa kiasi gani. Mizani ikibadilika, papo hapo mashine huisoma na kutii. Hatari ilikuwa hapo: ukiandika juu yake, huisoma ikiwa nusu, na mgonjwa hupata nusu pumzi.

Mhandisi Salha Shekifu hakuwa mtu wa kukurupuka. Bibi harusi, alipenda kusema, hupambwa chumbani. Ukumbini hutolewa akiwa kamili. Madaktari walipotaka hewa laini zaidi, iliyopo ikiwaumiza wagonjwa vifua, aliandika Mizani mpya pembeni kwa jina la muda, akaihakiki, kisha kwa pigo moja akaipa jina la ile ya zamani. Ya zamani aliiweka kando bila kuifuta, mpaka kila mashine iitike.

Zikaitika zote, isipokuwa ya kitanda cha dirishani. Hapo alilala Bi Mwanahawa, mama yake mzazi.

Mkuu wake, Mrisho, akamwamuru afute ya zamani: Mizani mbili katika nyumba moja ni balaa, na mashine hiyo ingefuata wenzake tu.

“Haitafuata, Mkuu,” Salha akasema. “Ni ya kizamani. Inalitazama faili lile lile la zamani, haijali jina. Nikilifuta, inazima.”

Mrisho akamwambia anaongea hivyo kwa sababu ni mama yake. Maneno yalimchoma, maana yalikuwa na chembe ya ukweli.

“Angekuwa mama yako, ningekataa vilevile.”

Akaketi mbele ya mashine, akaifunza kuchunga mlango badala ya kumchunga mgeni: itazame folda, chumba Mizani inamokaa, na kila kitu kikitikisika humo, iiulizie Mizani kwa jina. Taa ikawa kijani. Mashine ikasoma hewa mpya, na kifua cha mama kikashuka taratibu. Hapo ndipo Salha alipofuta ya zamani.

Bi Mwanahawa akafumbua macho. Akauliza, kwa sauti ya chini, nani kailainisha hewa, mbona hakuhisi kitu.

Mrisho alikohoa kidogo, akasogea kitandani.

“Ni binti yako, mama,” akasema. “Hiyo ndiyo kazi yake, usihisi kitu.”