Buibui Aliyepewa Jina la Hawe

Adhuhuri moja, jua likiwa utosini na Garsen nzima imejibanza vivulini, Gona kinyozi alinusa tumbaku dukani mwake. Haikuwa sigara. Sigara angeijua, maana nusu ya wateja wake walikuwa wavutaji wa kutupwa. Hii ilikuwa tumbaku ya kunusa, ile inayosagwa pamoja na magadi, inayochoma pua na kuliza macho. Na dukani hamkuwa na mtu. Mlikuwa na kiti cha kunyolea, kioo, betri ya gari ya kuendeshea mashine, na kabati la vioo alimofugia buibui wake.

Alichungulia nje, hapakuwa na mtu. Akanusa taulo, akanusa shuka la kunyolea, akanusa na mikono yake mwenyewe. Mwisho akasogeza pua kwenye matundu aliyotoboa juu ya kabati, na chafya ikamtoka nusura impige kichwa ukutani.

Buibui alikuwa amekaa kwenye mlango wa shimo lake, miguu ameikunja, kimya. Gona alijikuta amesema, "Shikamoo." Kisha akacheka peke yake, kicheko ambacho hakikumfurahisha hata yeye.

Mtu atauliza, kinyozi na buibui wapi na wapi? Basi wakati wa mafuriko ya Elnino, kulikuwa na mzungu mmoja wa chakula cha msaada aliyefuga buibui wa namna hiyo, mkubwa wa kujaa kiganja, mwili mzima manyoya. Gona aliitwa kumnyoa yule mzungu, akabaki ameshika mkasi anakodolea sanduku la vioo. Mzungu akamwambia kwamba kwao watu huwafuga kama paka, akamweleza na jinsi ya kuwatunza: udongo mkavu wa kutosha ili achimbe shimo, kisahani cha maji, panzi hai mmoja mmoja, kifuniko kizito, na mkono wako ubaki nje. Mengine hakumwambia, na Gona hakujua kwamba yapo mengine.

Maji yakapungua, mzungu akaenda zake, lakini hamu ikabaki. Gona alimweleza mteja wake Diba, mchungaji wa Kiorma aliyezunguka na ng'ombe mbuga yote ile, kwamba anamtaka mmoja. Diba akamleta ndani ya kopo la mafuta ya kupikia, amelishika mbali na mwili.

"Wewe kweli unataka hii?" Diba aliuliza. "Hii mdudu iko na hasira. Na shimo si yake peke yake. Sisi tukiona shimo kama ile, tunapita mbali. Kuna wenyewe."

"Acha hizo, Diba. Nipe, nami nitakunyoa bure mpaka Idi."

"Sawa. Lakini usiseme sikukuambia."

"Umemtoa wapi?"

"Kwa kile kichuguu kubwa ya Idsowe. Ile ilibaki juu wakati wa maji."

Hapo ndipo Gona angesema, mrudishe. Hakusema. Alilipokea kopo kwa mikono miwili.

Kichuguu kile alikijua. Hawe Kabibi, nyanya yake aliyemlea tangu mama yake alipofariki, alikaa juu yake siku ambayo mto uliingia kijiji chao cha Idsowe. Mtumbwi aliouazima Gona ulikuwa mdogo. Akasimama ndani yake, maji yakipanda, akitazama mara kwa nyanya yake, mara kwa kiti cha kunyolea ambacho ndio kwanza amekinunua. Kikongwe akamrahisishia.

"Pakia kiti chako, mjukuu wangu. Chuma hakijui kuogelea. Mimi nitakungoja hapa."

Akapakia kiti, kioo na betri, akavuka hadi Garsen. Akala. Akalala. Asubuhi watu wakamwambia mto umekuwa mkali, asijaribu, na ukweli ni kwamba alifurahi kuambiwa hivyo. Aliporudi, siku kadhaa baadaye, mvua ilikuwa imekatika, na hawe alikuwa ameketi wima juu ya kichuguu, amekufa kwa baridi na njaa. Amezungukwa na nyoka, nge na buibui waliokimbia maji kama yeye, na hakuna hata mmoja aliyemgusa. Kwenye matanga Gona alisema alirudi siku ile ile, mto ukamkatalia. Watu wakamhurumia. Mkewe Mbeyu, ambaye wakati wa mafuriko alikuwa kwao, akamfuta machozi.

Kwa hiyo alipomwona yule buibui ndani ya kopo, wazo lililomjia lilikuwa moja tu: huenda huyu ndiye aliyekaa naye, wakati mimi sikukaa.

Alinunua kabati la kuuzia mandazi kutoka kwa mwenye hoteli mmoja aliyefilisishwa na mafuriko, akalijaza udongo, akaweka kisahani, akafunika kwa ubao na jiwe. Kwa mtu asiyejua kitu, alifanya kazi nzuri. Buibui alichimba, akalizungushia shimo utando mweupe, akanenepa kwa panzi. Wateja wakaja kunyoa hata nywele ambazo hazijaota, mradi wamwone.

"Anaitwa nani?" mmoja aliuliza.

"Huyu? Huyu ni mke wangu, Kabibi," Gona alijibu, kwa ule utani ambao mjukuu ameruhusiwa kwa nyanya yake. Duka zima likacheka. Lakini yeye, kulitamka jina lile kwa sauti, kulimpa nafuu ambayo hakuwa ameipata tangu msiba. Akawa analiita kila siku. Kabibi, panzi wako huyu. Kabibi, umelalaje?

Mbeyu alipopata habari alikasirika. Alikuwa na mimba ya kwanza, na tumbo lilikuwa limeshaanza kumtangulia njiani.

"Jina la hawe umempa dudu? Si mwenyewe alisema tukipata binti tumwite yeye? Na huyu sasa tumwite nani, Panzi?"

"Ni utani tu, mke wangu."

"Marehemu hutaniwi naye hivyo. Anayengoja jina huitika akiitwa."

Gona alipuuza. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, huja kinyume, na mjukuu huyu alikuwa na masikio mazito.

Baada ya ile harufu ya tumbaku, buibui aliacha kula. Panzi wakawa wanampanda mgongoni, naye hajali. Kisha akaanza kugonga. Gona akiwa ananyoa, angesikia ukucha kwenye kioo, tap, tap, tap, kisha kimya. Hivyo ndivyo hawe alivyokuwa akigonga kifuniko cha kikopo chake cha tumbaku kabla ya kunusa. Wateja walisema ni mdudu tu. Nyumbani nako Mbeyu, mimba yake sasa imetimia, alikataa chakula, akamshika mumewe mkono kwa haya.

"Usinicheke. Nina hamu ya tumbaku."

"Tumbaku gani?"

"Ile ya kunusa. Sijawahi kuinusa maishani mwangu, na sasa mate yananijaa. Na mtoto anagonga, Gona. Hapigi mateke. Anagonga. Weka mkono."

Aliweka mkono, akauondoa upesi.

Siku iliyofuata, adhuhuri tena, alikuwa akifagia nywele, ufagio ukalowa. Sakafu ilikuwa kavu tangu asubuhi, kwa wiki nyingi haikuwa imenyesha mvua, lakini maji ya matope yalikuwa yakipenya chini ya mlango, baridi, yananuka mizizi iliyooza na ng'ombe waliokufa, yakapita chini ya meza, yakamfikia vidoleni, naye akarudi nyuma, akarudi nyuma, mpaka mgongo ukagusa ukuta, na alipoinua macho kutazama kioo, kwa sababu hakutaka kutazama kabati, aliona kwamba kabati ni tupu, ubao na jiwe vimekaa vilevile juu yake, na kwamba kwenye kiti cha kunyolea, kile alichokiokoa, kuna mtu mdogo ameketi wima amefunikwa shuka mpaka shingoni kama mteja, kichwa kimeinama, na kutoka chini ya shuka lile unachomoza mguu mmoja mwembamba wenye manyoya, kisha mwingine, kisha mwingine, ikipapasa mkono wa kiti polepole, na sauti anayoijua kuliko sauti yake mwenyewe ikasema, bila hasira yoyote, "Gona, maji yamefika hapa."

Alipozinduka alikuwa nje, amekaa kwenye mchanga wa moto, ufagio mkononi. Sakafu ilikuwa kavu. Buibui alikuwa ndani ya kabati, amelala chali, miguu juu.

Gona akadhani amekufa. Na kitu kilichomwumiza baadaye kuliko hata ile sauti ni kwamba alishusha pumzi. Alifurahi. Kwa mara ya pili alikuwa amefurahi kuondokewa na Kabibi, na aibu ya jambo hilo ilimchoma.

Alitoa jiwe na ubao, akamwinua kwa koleo ili amzike. Mzoga ulikuwa mwepesi mno. Miguu ilikuwepo yote, manyoya yote, hata meno, lakini mgongoni palikuwa pamefunguka, na ndani hamkuwa na kitu. Yule mzungu angemwambia kwamba buibui huambua ngozi kama nyoka, wala hilo si ajabu. Lakini mwenye kuambua hubaki na ngozi yake mpya humo humo alimofungiwa. Gona alifukua udongo wote kwa mikono, hakuona kitu. Wakati bado anafukua, jirani akaja mbio. "Kinyozi, nenda nyumbani. Mkeo ameshikwa na uchungu."

Mbeyu alikuwa mkekani, mkunga ameshika magoti yake. Uchungu ulikuja, ukafika mahali, ukakwama. Jua likaelekea kuzama, mtoto hatoki, na Mbeyu ameanza kupoa mikono. Barabara ya hospitali ilikuwa imekatika tangu mafuriko, na gari hakuna. Mkunga akanong'ona, "Mwiteni Changawa. Huyu hazuiliwi na mwili."

Changawa alikuwa mganga mwenye hasira za karibu, aliyechukia kusumbuliwa wakati wa kula. Aliingia bado anatafuna, akasimama, akanusa hewa, akaacha kutafuna.

"Tumbaku ya nani?"

Changawa akauzunguka mkeka.

"Humu wako wawili mlangoni, na jina ni moja. Mmoja kaitwa, hakupewa pa kukaa. Nani kamwita?"

"Mimi," Gona alisema kwa sauti ndogo. "Nilimwita buibui jina la hawe."

"Kwa nini?"

"Utani."

Juu, kwenye makuti, kitu kikagonga. Tap, tap, tap. Mbeyu akapiga yowe.

"Usimdanganye marehemu akisikia," Changawa alisema. "Lichukue jina ulilolitoa, na useme ulilitoa kwa sababu gani. Ukibakisha neno, mkeo unamzika."

"Nilichelewa kumfuata," Gona alisema. "Mto ulikuwa—"

Kikagonga tena, sasa karibu, ukutani juu ya kichwa cha Mbeyu, na mwenye kugonga haonekani, na mkunga akaanza kulia.

Gona akapiga magoti. Akasema yote: kiti, kioo, betri, chakula alichokula, usingizi aliolala, furaha aliyoipata alipoambiwa mto mkali. Akasema nafasi ilikuwepo ya mtu mmoja au kiti kimoja, naye akachagua. "Hawe, nisamehe. Nilikuacha. Hakuna aliyenizuia." Alilia kama mtoto, na alipokuwa bado analia, mtoto wa kweli akalia pamoja naye. Alikuwa msichana.

Changawa alijifuta jasho. "Sasa mpeni mtoto jina la marehemu. Atatulia humo, na yatakwisha."

Wote wakamtazama Mbeyu. Alikuwa amemkumbatia bintiye, na macho yake yalikuwa juu ya mumewe.

"Nilimfuta machozi," alisema. "Matangani. Nilimfuta mtu huyu machozi."

"Mbeyu, mke wangu..."

"Mzee Changawa, nisipompa mwanangu jina hilo, atadhurika?"

"Huyu ameshapita mlango. Yule atamfuata aliyemwita."

"Hawe nilimpenda sana. Lakini mwanangu hatabebeshwa dhambi ya mtu. Ataitwa Sidi, kama mama yangu. Na yule amfuate aliyemwita."

Arobaini ilipokwisha Mbeyu alirudi kwao, upande wa Marafa, na Gona hakuwa na uso wa kumzuia.

Mwaka ukapita. Gona aliendelea kunyoa. Wateja walipungua, walisema duka lina baridi. Kisha siku moja kondakta wa basi akamletea salamu. "Mama Sidi anasema mtoto ametembea. Anasema, ukitaka, uje umwone. Amepoa sasa, kaka. Nenda."

Gona alioga mara mbili. Alivaa shati jeupe, akanunua gauni dogo la manjano, akafika stendi kabla ya basi. Alikuwa akitabasamu mwenyewe. Alipoweka mguu kwenye ngazi alihisi kitu chini ya shati, kwenye uti wa mgongo, chepesi, kikitembea kuelekea juu, mguu baada ya mguu, mpaka kikajishikiza mabegani mwake, na hapo kikawa kizito, uzito wa kikongwe anayebebwa mgongoni kuvushwa maji. Pumzi baridi ikamgusa sikio.

"Leo tunakwenda wote," sauti ilisema kwa furaha. "Nikamwone mtoto."

Gona alishusha mguu.

"Vipi, kinyozi?" kondakta aliuliza. "Panda, tunaondoka."

Alimkabidhi gauni. Alichosema alikisema wazi, ili kifike kama kilivyo.

"Mpelekee mtoto. Na umwambie mamake nimekataa kuja. Mwambie asiningoje tena."

Kondakta alimtazama kwa dharau ambayo watu huwawekea wanaume wa namna hiyo, akapiga mlango, basi likaondoka. Gona alisubiri vumbi litulie, kisha akarudi dukani polepole, ameinama kidogo.