Waya Usiouliza Jina

Pius alikuwa mvuvi wa sangara pale Nyegezi, kando ya ziwa. Jioni alitega nyavu, akarudi nyumbani kulala. Asubuhi alikwenda kuzitoa, akauza samaki kwa gari la kiwanda cha minofu. Mke wake, Paskazia, alianika dagaa na kuuza sokoni. Walikuwa na mtoto mmoja, Dorcas, wa miaka sita, aliyejua kuuliza maswali kuliko hakimu.

Ilikuwa miaka ya tisini. Biashara ilikuwa imefunguliwa, na samaki wa Mwanza walikuwa wakipanda ndege kwenda Ulaya. Watu walimiminika ziwani kutoka kila upande. Wavuvi walikuja, wanunuzi walikuja, na wezi nao hawakubaki nyuma. Wengi wao waliiba nyavu. Mvuvi akiibiwa nyavu ni kama mkulima aliyeibiwa jembe na shamba kwa siku moja.

Pius aliibiwa mara mbili katika mwezi mmoja. Mwizi alivunja banda lililokuwa nyuma ya nyumba, akabeba nyavu za akiba. Safari ya pili aliacha mashine ya akiba ya mtumbwi kwa sababu ilikuwa nzito. Kila mtu alijua kwamba atarudi na mwenzake.

"Akirudi, hataondoka," Pius alisema.

Alikwenda mjini, kwenye duka la vifaa la Mukesh, akanunua waya mtupu, usiovikwa plastiki. Mukesh alimuuliza kama anafuga kuku. Pius alijibu ndiyo. Huo ulikuwa uongo, na ulimchoma kidogo, lakini alilipa akaondoka.

Alichimbia nguzo za miti kuzunguka banda. Akazungusha waya kwenye nguzo, usawa wa kifua cha mtu. Kisha akaunganisha waya ule na umeme wa nyumbani. Swichi aliiweka ndani ya banda, na ufunguo wa banda aliufunga kiunoni.

"Usiku nawasha, asubuhi nazima," alimwambia mkewe. "Wewe na mtoto msisogee pale."

Paskazia aliutazama ule waya. Haukuwa na rangi wala sauti. "Baba Dorcas, na mtu mwingine akipita?"

"Mtu mwema anafuata nini bandani kwangu usiku?"

Paskazia alirudi kwenye dagaa wake. Lakini tangu siku ile hakulala vizuri. Kila mbwa alipobweka alimshika mtoto mkono.

Sasa, mwaka ule kulikuwa na mgao wa umeme. Mgao ulikuwa na ratiba, lakini ratiba nayo ilikuwa na mambo yake. Waliambiwa umeme utarudi saa kumi na mbili jioni, ukarudi saa nane usiku. Waliambiwa utarudi leo, ukarudi kesho.

Siku moja umeme ulikatika kabla ya mapambazuko. Pius alipoamka, nyumba ilikuwa giza. Alipita karibu na banda, akauona waya, akasema moyoni kwamba umekufa. Hakufungua banda. Hakuzima swichi. Alitoa nyavu zake ziwani, akauza samaki, kisha akapanda kivuko kwenda Kamanga kumwona fundi wa mitumbwi. Ufunguo alikuwa nao kiunoni.

Kumbe siku hiyohiyo mama yake Paskazia, Bibi Selina, alikuwa amevuka kwa kivuko cha asubuhi kutoka Kamanga. Mkwe na mama mkwe walipishana ziwani bila kuonana. Bibi Selina alifika na kuku mmoja na mzigo wa viazi. Alimkuta Dorcas na shangazi yake, dada wa Pius. Paskazia alikuwa sokoni.

Bibi Selina hakuwa mtu wa kukaa bure. Aliona nguo chafu, akazifua. Shangazi alipotoka kwenda kuchota maji, bibi akatafuta mahali pa kuanika. Akaona kamba nzuri ya chuma imezunguka banda.

Saa tisa alasiri Paskazia alirudi na beseni kichwani. Aliona vitenge vinapepea nyuma ya nyumba. Akamwona mama yake ameshika waya kwa mkono wa kushoto, na mkono wa kulia anatandaza shuka bichi. Miguu yake ilikuwa peku kwenye tope la maji ya kufulia. Dorcas alikuwa chini ya kitenge, anacheza kujificha.

Paskazia alijua kwamba umeme haupo. Alijua pia kwamba unaweza kurudi sasa hivi. Beseni lilianguka, dagaa wakamwagika, wala hakuangalia nyuma.

"Mama, achia hiyo kamba."

"Shikamoo yangu iko wapi?" alisema Bibi Selina bila kugeuka. "Kamba nzuri namna hii mmeiacha bure. Ngoja nimalizie shuka."

Paskazia alimchomoa Dorcas kwa mkono mmoja akamsukuma mbali. Kisha akamshika mama yake kiunoni, akamvuta kwa nguvu zote. Tangu azaliwe hakuwahi kumvuta mama yake namna ile. Wote wawili wakaanguka kwenye tope.

Bibi Selina aliketi, uso umejaa uchungu. "Ndivyo unavyonipokea, Paskazia? Nimekukosea nini?"

Paskazia alikuwa bado anautazama waya. Mbuzi wa jirani alikuwa amesogea, akaanza kutafuna pindo la shuka bichi. Ghafla redio ikaanza kuongea nyumba ya pili, kwa Mzee Josephat. Umeme ulikuwa umerudi. Mbuzi akakakamaa, akaanguka, akatulia.

Dorcas ndiye aliyeuliza, "Bibi, mbuzi amelala?"

Bibi Selina aliinuka kumwendea mbuzi. Paskazia akamshika nguo, akamwita Mzee Josephat kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakuitambua.

Mzee Josephat alikuwa mwanajeshi mstaafu. Siku hizo alitengeneza redio na kufunga umeme majumbani. Alikuja mbio, akaona waya, akaona mbuzi, akaelewa yote.

"Asiguse mtu," alisema. "Wala mbuzi msimguse. Aliyeshikwa na umeme ukimgusa, nawe unashikwa. Mita iko wapi?"

Paskazia alimwonyesha ukutani. Mzee Josephat alizima swichi kubwa iliyo chini ya mita. Redio yake iliendelea kuongea, lakini nyumba ya Pius haikuwa na umeme tena.

"Kumbukeni hapa," alisema. "Ukiona mtu ameshikwa, kimbilia hapa kwanza."

Pius alirudi na kivuko cha jioni. Alimkuta mama mkwe wake ameketi kwenye mkeka. Alimwamkia, naye akaitikia marahaba kwa sauti ndogo. Mzee Josephat alikuwa pale. Waya ulikuwa umekatwa na kukunjwa, umewekwa katikati ya sebule. Paskazia alimweleza mumewe kilichotokea, tangu kitenge hadi mbuzi. Hakumfokea. Afadhali angemfokea.

Pius akakaa sakafuni. "Niliutega kwa ajili ya mwizi," alisema.

"Wewe ulimkusudia mwizi," alisema Mzee Josephat. "Waya haukumkusudia mtu. Wenyewe haujui mwizi ni nani."

"Wahenga walishasema," alisema Bibi Selina, "mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwamo. Leo asiyekuwamo nilikuwa mimi."

Pius alijaribu kujitetea, kwa maana binadamu hakosi la kusema. "Lakini Mzee, mwizi anarudi. Nikienda kulala, nani atanilindia? Nyavu ndizo ugali wa mtoto huyu."

"Hasira yako naielewa. Mimi sikukatazi kulinda mali. Nakuuliza swali moja. Leo saa tisa, nani aliamua kwamba waya uue?"

Pius alifikiri. "Hakuna."

"Hakuna. Wewe ulikuwa Kamanga. Aliyerudisha umeme hajui kama uko duniani. Hapo ndipo ninapoogopa mimi." Mzee Josephat aliutazama ule waya uliokunjwa. "Vitani, kule ng'ambo ya mpaka, kazi yangu ilikuwa kutegua mabomu ya ardhini. Lile bomu linafukiwa, aliyelifukia anaondoka. Vita ilikwisha. Tulitegua tukasema tumemaliza. Moja likabaki. Lilimuua mama mmoja aliyekuwa akiokota kuni. Vita ilikuwa imekwisha kila mahali, isipokuwa ndani ya lile bomu. Uso wa yule mama naujua mpaka leo."

Shangazi alileta chai. Hakuna aliyeigusa.

"Na mambo yanakuja mengine," aliendelea Mzee. "Nasikia redioni kwamba wataalamu wa nchi kubwa wanatafuta silaha inayojiendesha. Unaituma, nayo inatafuta yenyewe, inachagua yenyewe wa kumpiga. Mtu wa kusema piga au acha hayupo."

"Labda hiyo itakuwa na macho," alisema Pius. "Itakuwa na akili kuliko waya wangu."

"Itakuwa na macho ya mashine. Itaona mtu ameshika kitu kirefu. Ni bunduki au ni kasia? Wewe ukiwa na shaka unaweza kusita. Unaweza kuuliza, nani wewe? Mtu akikujibu, au akinyoosha mikono, au akilia, moyo wako unakwambia acha. Mashine itasita kwa sababu gani? Na ikiua mtoto wa watu, nani atakwenda kukaa msibani? Aliyeitengeneza atasema niliiuza tu. Aliyeituma atasema ilichagua yenyewe. Wafiwa watabaki wanatazamana na chuma."

Paskazia alimtazama mumewe. "Leo ungemwambia nini baba yangu? Kwamba swichi ndiyo iliyomuua mama?"

Pius alifunika uso kwa viganja. Alilia mbele ya mama mkwe wake, jambo ambalo kwao si dogo. Bibi Selina alimwacha alie. Kisha akasema, "Inuka, baba. Nipo."

"Jambo jingine ujue," alisema Mzee Josephat kwa upole. "Kutega kitu cha kuua mtu ni kosa la jinai, hata kama ulimtegea mwizi. Sheria hairuhusu mtu kuhukumu kifo bandani kwake, tena akiwa usingizini."

Kesho yake asubuhi Pius alimlipa jirani mbuzi wake. Hakubisha bei. Halafu yeye na Mzee Josephat wakaanza kazi. Walipitisha uzi wa nailoni, ule wa kuvulia, kwenye nguzo zilezile. Mwisho wa uzi waliuunganisha na kengele iliyotumia betri za tochi. Mtu akigusa uzi, kengele inalia chumbani kwa Pius. Mgao ukiwepo, inalia. Umeme ukiwepo, inalia. Mtoto akiugusa, hapati hata mkwaruzo.

"Chombo kiamshe mtu," alisema Mzee Josephat. "Kikishamwamsha, kazi yake imekwisha. Kuamua ni kazi ya mtu."

Walikwenda pia kwa balozi wa nyumba kumi. Majirani walikubaliana kwamba kengele ikilia watatoka pamoja, na kwamba mwizi akikamatwa hapigwi, anapelekwa polisi. Wengine waliguna kwa hilo la mwisho. Paskazia aliwaonyesha shuka lililoungua pindo siku ile ya mbuzi, wakaacha kuguna.

Wiki tatu zilipita. Sitasema uongo, Pius aliogopa. Habari kwamba ameondoa waya wa umeme zilifika kila kona ya Nyegezi, na mwizi naye ana masikio. Kila alfajiri alikwenda kugusa kufuli kabla ya kunawa uso.

Siku moja, saa kumi na moja alfajiri, kengele ililia.

Pius aliruka kitandani. Alichukua tochi na fimbo, akatoka. Milango ya majirani ilikuwa ikifunguliwa. Kando ya banda palikuwa na mtu ameinama. Pius alijaa hasira na woga. Fimbo ilikuwa juu.

"Nani wewe?" aliuliza.

Mtu yule alizidi kuinama.

"Nauliza, nani wewe?"

"Ni mimi, kaka Pius. Mayala."

Pius alimmulika. Alikuwa Mayala, kibarua wa ufukweni. Kila asubuhi alimsaidia Pius kuvuta mtumbwi nchi kavu. Jana tu Pius alikuwa amempa samaki wa mboga. Miezi yote ile Pius alimwaza mwizi, akamchukia mwizi, akamtegea mwizi. Hakuwahi kuwaza kwamba mwizi ana jina, tena jina analolijua.

Fimbo ilishuka yenyewe. Jirani mmoja alisogea na rungu, na Pius akasimama katikati. "Tulikubaliana," alisema. Mayala alipelekwa kwa balozi, na kulipokucha akapelekwa kituo cha polisi. Alikiri. Alitaja mahali alipouza nyavu za kwanza, na baadhi zilipatikana.

Mchana wa siku hiyo mwanamke mzee alibisha hodi kwa Pius. Alikuwa mama yake Mayala, ametembea kwa miguu kutoka Buhongwa. Alitaka kupiga magoti, Paskazia akamzuia.

"Mwanangu amenitia aibu," alisema yule mama. "Sijui nitapita wapi na uso huu. Natoka kituoni kumwona. Amechoka, lakini anaongea. Ameniambia mama, wamenikamata wala hawakunipiga. Nimekuja kushukuru kwa hilo."

Pius alimsogezea kiti, akakaa naye.