Jumamosi ya Maji Matupu

Kila Jumamosi alfajiri mama yake Elieth alikwenda Kibaigwa kuwauzia vitumbua madereva wa malori ya mahindi. Elieth, mwanafunzi wa darasa la sita, alibaki nyumbani Mkonze kuosha vyombo, kufagia uwanja na kuinywesha minyanya.

Minyanya hiyo haikuota ardhini, bali kwenye madebe thelathini yaliyojaa changarawe tupu. Mwaka uliotangulia, ugonjwa wa mnyauko uliokuwa udongoni uliimaliza bustani yao yote. "Mama Elieth siku hizi anapanda mawe!" majirani walimtania. Naye alicheka nao, akaendelea na kazi. Alikuwa amepunguzwa kazini, na mgahawa mmoja wa mjini ulikuwa umeahidi kununua nyanya zake zote Bunge likianza. Hakuwa na tegemeo jingine.

Changarawe haina chakula, kwa hiyo minyanya ilikula mbolea iliyoyeyushwa majini. Bwana Halfani, bwana shamba mwenyeji wa Busi, aliwapangia ratiba, wakaibandika mlangoni. Miche michanga, kijiko kimoja kwa ndoo. Ikitoa maua, vijiko viwili. Jumamosi, maji matupu ndoo sita, mpaka yachuruzike chini ya madebe, ili chumvi ya mbolea iliyobaki ioshwe. Aliyemaliza kazi alitia alama ya vema kwa penseli.

Ndoo sita, na foleni ya bombani ilivyo! Jumamosi moja Elieth alisikia wenzake wakipiga kelele za rede, mchezo umekolea. Akachungulia ndani ya pipa la kuyeyushia mbolea, akakuta mbolea ya jana imebaki. "Maji ni maji tu," akajiambia. Akaigawa mbolea ile, akatia vema, mbio akaenda kucheza. Jumamosi ya pili akafanya hivyo hivyo. Ya tatu hata hakusita.

Jumatatu iliyofuata, ncha za majani zilikuwa zimeungua na kujikunja. Maua yalidondoka yakiguswa.

"Mungu wangu!" Mama alishika kichwa. "Mnyauko umetufuata mpaka kwenye mawe!"

Elieth alitaka kusema, lakini akabeba begi lake, akaenda shule. Mchana kutwa darasani hakusikia neno la mwalimu. Aliporudi, alimkuta Bwana Halfani amechuchumaa mbele ya madebe.

"Shikamoo, Bwana Halfani."

"Marahaba, binti." Alikuwa akikwangua ukoko mweupe juu ya changarawe. "Mama Elieth, weupe huu ungenifanya nidhani ni chumvi ya mbolea. Lakini maji yetu haya nayo yana chumvi yake. Jumamosi huwa mnaosha?"

"Elieth ndiye anayeosha. Hajakosa hata moja, tazama vema zake," Mama alijibu kwa fahari.

Elieth alitamani ardhi ipasuke immeze.

Bwana Halfani aliikagua ratiba, akatikisa kichwa. "Kama mmeosha, basi huu ni ugonjwa. Ng'oeni yote leo hii, mchome moto, msije mkaambukiza bustani za majirani."

Mama alijifunga khanga kiunoni. Akaushika mnyanya wa kwanza, akaung'oa. Machozi yalimtoka, lakini akausogelea wa pili.

Elieth alipiga hatua moja kuelekea kwa mama. Akisema, fimbo inamngoja. Akinyamaza, yote inakwisha. Mama akaushika mnyanya wa pili.

"Usiung'oe, mama! Si ugonjwa! Ni mimi!" Akaeleza yote kwa kwikwi: pipa, rede, Jumamosi tatu, vema za uongo.

Mama aliuachia mnyanya wa pili. Bwana Halfani aliuokota mnyanya uliong'olewa, akaipangusa mizizi yake. Ilikuwa myeupe, mizima kabisa.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema taratibu. "Leteni maji. Osheni leo na kesho, na mbolea isimame mpaka niseme."

Elieth alichota ndoo zote sita peke yake, na sita nyingine kesho yake. Wiki mbili nzima aliamka na hofu, akikimbilia madebe kabla hata ya kunawa uso. Siku ya kumi na tano aliona majani mapya, mabichi, yamenyooka. Nyanya ziliiva baada ya Bunge kuanza, lakini mgahawa ulikubali kungoja. Debe moja lilibaki tupu.

Jioni ya siku aliyokiri, Mama hakumchapa. Alichukua kifutio, akafuta vema tatu, akampa penseli.

"Kukosa kuosha ningekusamehe siku ileile," alisema. "Lakini vema zako zilimfumba macho hata mtaalamu. Mgonjwa akimdanganya daktari, mwanangu, hupewa dawa ya ugonjwa asio nao. Ukifanya, andika umefanya. Ukikosa, andika umekosa, tujue pa kuanzia."

Jumamosi iliyofuata bomba halikutoa hata tone. Elieth alisimama mlangoni, kisha akaandika: *Maji hayakutoka. Sikuosha.*

Jioni Mama alirudi, akasoma, akatua kapu lake.

"Ahsante kwa kusema kweli," alisema, akachukua ndoo mbili. "Haya, shika yako. Twende tukatafute maji."