Kisu cha Marehemu Baba

Nilimkaba kijana wa watu kola, mbele ya wote waliokuja kunyoa kondoo wa mjomba!

"Muuaji wewe! Baba yangu mlimtupa wapi?"

"Dada, niachie... mimi nimeleta kisu tu!"

Ngojeni niwaeleze jamani.

Naitwa Gonaria, wa hapa Pattada, kijiji cha wafua visu kaskazini mwa kisiwa chetu. Kazi yangu ni kusaka asili ya visu vya kukunja vya zamani. Niletee kisu, nitakwambia kilifuliwa kijiji gani na fundi gani.

Huyu kijana, Bustianu, alitoka Teulada, kusini kabisa, kisu kakifunga kwenye leso.

"Dada, nataka kujua kwao kisu hiki ni wapi."

Nikakikunjua... Mungu wangu!

Mpini wa pembe nyeusi, una mchirizi mweupe. Ncha imevunjika. Ile ncha niliivunja mimi, utotoni, nikichokonoa konokono ukutani. Baba hakunipiga. Alicheka tu.

Kisu cha baba yangu, Baingio! Alikwenda machungani nikiwa darasa la pili, hakurudi. Mama akasema wezi wa mifugo wamemuua, maiti wakaitupa korongoni. Tangu hapo mama hajavua nguo nyeusi, na mimi kila Siku ya Marehemu namwashia baba mshumaa.

Visu vyote nilivyosaka maishani, mwenzenu nilikuwa nasaka hicho kimoja. Nikikipata, nimempata muuaji. Ndipo nikamkaba.

"Nani kakupa?"

"Baba yangu."

"Mwongo! Sarafu ulimpa?"

Kwetu kisu hakipokewi bure. Anayepewa hutoa sarafu, la sivyo undugu unakatika. Kisu kisichotolewa sarafu ni cha wizi, au cha maiti.

"Nilimpa! Kaitoboa, anaivaa shingoni."

"Nani anaivaa?"

"Baba mwenyewe! Alinipa kisu Pasaka hii. Anaitwa Baingio..."

Pasaka hii?

Nikaachia kola. Nikamtazama vizuri. Masikio yale ya baba... kidevu kile! Nilikaa chini palepale juu ya manyoya.

Kisha nikakimbilia nyumbani. Mama alikuwa anakanda unga.

"Mama, baba yu hai."

Hakushtuka jamani! Aliendelea kukanda.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na mishumaa yote ile nikiwasha unaniangalia tu?"

"Alimfuata mwanamke, Gonaria. Ningesema nini kijijini hapa? Mjane anaonewa huruma. Aliyeachwa anachekwa."

"Na mimi mwanao ningekucheka?"

Hapo ndipo akalia. Na mimi nikalia, tena kwa uchungu kuliko nilivyolia utotoni. Marehemu hakukuacha kwa kupenda. Baba yangu aliniacha akijua nipo, halafu anakula Pasaka na watoto wengine.

Bustianu alinifuata hadi mlangoni, akasikia yote, maskini, na kosa si lake. Akaninyooshea kisu.

"Chukua, dada. Wewe ndiye mkubwa."

Nikapapasa mfukoni, nikampa sarafu. Huyu hajanikosea kitu, undugu wetu usikatike.

Asubuhi mama alitoka chumbani kavaa nyeusi vilevile.

Wazazi mnaosoma hapa, mkiachana semeni mmeachana. Msimzike mtu aliye hai, maana anayekaa matanga maisha yake yote ni mtoto.