Mwizi wa Boksi Moja

Inspekta hakuwa na cheti cha kidato cha nne, hakuwa na miwani iliyomfaa, hakuwa na mke wa kumkanya, wala hakuwa na moyo wa kusema "sijaelewa" mbele za watu.

Boksi moja la dawa ya usingizi lilikuwa limepotea katika stoo ya hospitali. Kila boksi likitolewa, kompyuta ilichapa risiti ya idadi iliyobaki. Risiti ya mwisho ilisema kumi na mbili. Kwenye rafu yalikuwepo kumi na moja. Fundi wa kompyuta alimweleza Inspekta jinsi programu inavyopunguza hesabu. Inspekta akaitikia kwa kichwa, ingawa hakuambulia kitu.

Ufunguo alikuwa nao mtunza stoo peke yake, Mama Stoo.

"Afande, hesabu tena."

"Nimehesabu mara tatu."

"Basi ichunguze na hiyo mashine."

Inspekta alicheka, akamtia pingu mbele ya wauguzi. Akaagiza hesabu ianzishwe upya, kumi na moja, na ufunguo akautia mfukoni mwake.

Kesho yake yalitolewa maboksi matatu, yeye mwenyewe akifungua mlango. Risiti ya mwisho ilisema tisa. Kwenye rafu yalibaki manane. Limepotea jingine, na mtuhumiwa yuko mahabusu.

Alimwita fundi.

"Nionyeshe mahali mashine inapopunguza. Safari hii polepole."

Fundi alionyesha kwenye programu neno "idadi", lenye alama mbili za kutoa nyuma yake, yaani punguza moja.

"Zikiwa nyuma, mashine inataja kwanza namba ya zamani, ndipo inapunguza. Zikiwa mbele, inapunguza kwanza, ndipo inataja namba mpya."

"Kwa hiyo risiti inataja namba ya zamani."

"Ndiyo."

"Na ndani ya mashine sasa kuna ngapi?"

"Nane."

"Sawasawa na kwenye rafu. Hakuna kilichoibwa."

"Hakuna, afande."

"Ulijua lini?"

Fundi aliinama. "Jana, nilipokuwa nakueleza. Nilikuwa nimeshajigamba kwa mganga mkuu kwamba programu yangu haina kosa. Niliona aibu. Nikasema moyoni, afande akiuliza swali moja tu, nitasema. Hukuuliza."

Inspekta akaondoka mbio kurudi kituoni.

Mama Stoo alitolewa mahabusu, kanga yake ina vumbi la sakafu.

"Nisamehe, mama."

"Pingu ulinitia hadharani, baba. Msamaha unaniletea chumbani?"

Inspekta akaketi, akamwandikia mganga mkuu: "Mama huyu hakuiba. Nilimkamata kwa sababu niliona aibu kuuliza nisichokielewa. Barua hii ibandikwe ubaoni, wauguzi wote waisome."

Karani wa kituo aliisoma. "Afande, hiyo sentensi ya pili ni ya lazima?"

"Ni ya lazima."

Akatia sahihi, jina na cheo kamili, akaifunga bahasha kwa gundi, akamkabidhi tarishi aende nayo saa ile ile.