Nyumba Juu ya Uwanja wa Watoto

Kiangazi kilikuwa kimekaza Buteba, visima vimekauka, lakini zulia la sebuleni kwa Etyang lilikuwa limelowa chapachapa. Mkewe, Ariokot, aliliinua akapapasa sakafu. Hapakupita bomba pale. Maji yalinuka nyasi mbichi zilizotoka kukanyagwa.

"Labda mtoto kamwaga," Etyang alisema, asimtazame usoni.

Mtoto wao, Agwang, alikuwa shuleni tangu asubuhi.

Etyang alikuwa ofisa wa mipango ya ardhi. Ramani ya mtaa ule mpya aliichora yeye: ploti arobaini, na katikati uwanja usiojengwa, watoto wachezee na ardhi inywe maji ya mvua. Bila uwanja ule kibali cha ujenzi kisingetoka. Wanunuzi walionyeshwa ramani, wakaipigia makofi. Mwaka uliofuata kampuni iliyokuwa ikijenga mtaa ikataka ramani nyingine, Etyang akaichora hiyo pia. Uwanja ukawa ploti tano, na ya tano akapewa yeye, akajenga nyumba hii. Majirani walipouliza, aliwaambia amri imetoka juu. Mkewe naye aliambiwa hivyo hivyo.

Kisha zikaja sauti. Kila alasiri, saa ya watoto kutoka shule, vilisikika vishindo vya miguu midogo sebuleni, na mpira ukigonga ukuta, na vicheko. Ukifungua mlango, kimya, na zulia limelowa tena. Ariokot akahamishia kazi zake nje. Etyang akazoea kuchelewa ofisini.

Siku moja wakila, Agwang alisema, "Papa, rafiki yangu anauliza utaamka lini."

"Rafiki gani?"

"Wa chini. Anasema umemlalia kifua."

Aibu ilimfika Etyang kabla ya hofu. Aliinamia sahani yake, akamwambia mtoto ale.

Jumamosi Agwang akatoweka. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani, madirisha yana vyuma, na bado walimtafuta chini ya vitanda, kabatini, hata ndani ya pipa la maji, wakimwita kwa sauti za kunong'ona kana kwamba kuna mtu hawataki asikie, mpaka Ariokot alipoanguka magoti, akaweka sikio sakafuni, akamsikia mwanawe huko chini ya saruji, mbali, akicheka na wengi.

Majirani wakaja na sururu. Wa kwanza alikuwa Ojulong, ambaye mwanawe alivunjwa mguu na lori la mchanga akicheza mpira barabarani.

"Msivunje!" Nangila, mganga aliyeletwa kwa boda kutoka Sikuda, alikuwa mlangoni. Alinusa hewa, akavua viatu. "Huyu si jini wa kutumwa. Huyu ni mwenyeji. Mgeni ni nani hapa?"

Akalikanyaga zulia lililolowa.

"Nauliza, nani alimwekea nyumba kifuani?"

"Ilikuwa amri ya juu," Etyang alinong'ona.

Kicheko cha mtoto kikazama, kikawa chembamba kama mbu.

"Baba Agwang," Ariokot alisema polepole, "huyo mtoto anaenda. Sema."

Basi akasema. Akasema hapakuwa na amri, kwamba ramani zote mbili zilitoka katika mkono wake, kwamba hii sebule ndiyo malipo, kwamba alimpelekea mtoto wa Ojulong machungwa hospitalini, akaketi kando ya kitanda chake, akailaumu serikali, na alipokuwa akisema hayo hakuthubutu kuinua macho, aliona miguu tu, miguu ya watu aliowasalimu kila asubuhi, na miguu ya mkewe ikirudi nyuma hatua moja, halafu nyingine.

Sururu ya Ojulong ilianguka sakafuni. Na hapo, katikati ya zulia, alikuwa ameketi Agwang, nywele zimelowa, majani yamenasa kati ya vidole vya miguu.

Ariokot alimnyakua. Etyang akanyoosha mikono. Mkewe akampa mgongo. Juu ya bega la mama yake, mtoto alimtazama baba yake bila kupepesa, akafungua kinywa, na sauti iliyotoka ilikuwa nzito, kuukuu, yenye udongo ndani yake.

"Rudia," ilisema. "Walio nyuma hawakusikia."

Nangila mwenyewe alirudi nyuma mpaka ukutani. Etyang akawageukia majirani, akaanza tena tangu mwanzo.