Wanakondoo Wanne Wasiomo Daftarini

Kila asubuhi, kabla sijavaa sare za shule, nilifagia banda la kondoo, nikabadilisha maji, kisha nikaandika kwenye daftari nani amezaa, dume au jike. Kwa sababu ya daftari hilo baba alinibandika jina la Karani. Nililipenda jina hilo mpaka daftari lilipoanza kuleta balaa nyumbani.

Msimu ule niliandika wanakondoo kumi na wawili: madume tisa, majike watatu tu. Baba, dereva wa lori, alirudi kila Jumamosi, na alidai daftari hata kabla ya maji ya kuoga. Alitaka majike ili kundi liongezeke. Akishasoma, alimgeukia mama.

"Nyumba hii ina mambo! Kondoo wanazaa madume, mke wangu anazaa wasichana watupu. Kila kitu kinyume!"

Sisi wasichana watupu, yaani mimi na wadogo zangu wawili, tulikuwa palepale tunakula. Mama alikaza macho kwenye sahani yake. Kondoo wale walikuwa wake, aliwaleta kutoka kwao, kwa hiyo baba alipowatukana alijua vizuri anamtukana nani. Nilimchukia baba siku zile, nasema wazi. Lakini nilijichukia zaidi mwenyewe, maana kuna jambo nililijua na wao hawakulijua.

Jumamosi ya tatu baba alirudi na muuza nyama, mtu mnene mwenye kamba begani.

"Waliozaa madume matupu wote waondoke leo," baba alisema.

Daktari wa mifugo alikuwa bandani tangu asubuhi, akichanja kondoo. Baba alimfuata huko huko.

"Daktari, mwambie huyu mwanamke. Kondoo anayezaa madume tu si ana kasoro?"

"Kasoro gani?" Daktari hakuinua hata macho kwenye sindano yake. "Mbegu ya dume ndiyo inayoamua. Nusu ya mbegu zake zinaleta madume, nusu majike. Kama unatafuta ugomvi, kagombane na yule pale."

Alimwonyesha kwa kidevu kondoo dume wetu, aliyekuwa anatafuna majani bila habari. Muuza nyama aliangua kicheko. Baba akavimba.

"Basi na yeye achinjwe!"

"Naye hachagui. Ni bahati tu, kama kurusha sarafu. Wapo wanaosema lishe ya jike inaweza kuongeza kidogo upande mmoja, na wataalamu bado wanabishana. Karani, hebu lete daftari."

Nililileta. Daktari alisoma, akarudia ukurasa mmoja.

"Hawa wawili umeandika mimba zimetoka, tena siku moja. Mbona wiki ileile niliwapima, nikakuta wamebakiza siku chache tu wazae?"

Kila mtu aliniangalia. Kamba ilikuwa tayari shingoni mwa kondoo wa kwanza, na mama alikuwa amemkumbatia, hataki kumwachia.

"Mimba hazikutoka," nikasema. "Walizaa mapacha, kila mmoja wawili. Wote majike."

Nikaeleza yote. Wiki ile mama alikuwa hospitalini na mdogo wangu, na kazi yangu ilikuwa kushusha turubai la banda kila jioni. Nikanogewa na mchezo, nikasahau. Mvua ikanyesha alfajiri. Niliwakuta wanakondoo wanne wamelowa, wamekufa kwa baridi. Niliwazika nyuma ya choo, nikaandika uongo.

"Basi ni tisa kwa saba," Daktari alisema. "Hakuna cha ajabu hapo. Kundi lenu ni zima."

Baba alinijia juu. "Wiki tatu nagombana na mama yako kwa sababu ya uongo wako!"

Mama alisimama katikati yetu. Sijawahi kumwona na uso ule.

"Uongo ni wake," alisema. "Matusi ni yako."

Baba akamwambia muuza nyama afungue kamba. Yule bwana akaondoka akinung'unika kwamba amepotezewa siku. Baba hakuomba radhi. Alikwenda kuosha lori ambalo lilikuwa safi.

Mama aliniketisha kando ya banda.

"Kusahau turubai ni uzembe, na ungeniambia siku ileile yangekwisha. Lakini ulificha. Uliogopa fimbo moja, mwanangu, ukaniacha mimi nichapwe kwa maneno kila Jumamosi, ukiwa umekaa hapohapo unakula. Ukikosea, sema mapema. Ukinyamaza, adhabu yako inabebwa na mwingine asiye na kosa."

Nilimwomba msamaha nikilia. Nilitamani anichape yaishe. Hakunichapa.